Knut Holmann: mita 500 kwa 1:38 Atlanta, halafu 1:57 Sydney. Hapa pana kosa?

Bandarini ameuliza:

Wakuu, salaam.

Naandaa wasifu wa Knut Holmann, yule Mnorwe wa mbio fupi za kayaki, usomwe kwenye kipindi cha michezo redioni. Mpaka sasa nina haya: kazaliwa 1968, kapata medali kwenye Olimpiki tatu (1992, 1996, 2000), medali 6 ambazo 3 ni za dhahabu, na ubingwa wa dunia zaidi ya mmoja. Medali zote hizo za Olimpiki ni za kayaki ya mtu mmoja, yaani K-1.

Kuna namba moja inanigomea. Atlanta 1996, fainali ya mita 500, kashika nafasi ya 2 kwa 1:38.339. Sydney 2000, umbali uleule, kachukua dhahabu kwa 1:57.847. Mtu anachelewaje kwa sekunde 19 na nusu, halafu ndiyo ashinde? Je, ilikuwa 1:37 na mchapaji akakosea?

Nina maswali mengine pia. Katika medali hizo 6, wasifu ujengwe juu ya ipi? Na nina picha mbili zisizo na tarehe: kwenye moja boti ina mabega mapana nyuma ya kiti, kwenye nyingine ni jembamba kama sindano mwanzo mpaka mwisho. Ipi ni ya enzi zake?

---

Saa_Mkononi:

Mkuu Bandarini, usirekebishe kitu. 1:57.847 ndiyo yenyewe.

Muda ukiutilia shaka, tazama kwanza waliomfuata. Petar Merkov wa Bulgaria alimaliza kwa 1:58.393, Michael Kolganov wa Israel kwa 1:59.563. Kosa la uchapaji lingemwangukia mtu mmoja, lisingewafuata wote watatu. Halafu nenda kwenye mbio ya wanawake ya umbali huohuo: Sydney, Josefa Idem wa Italia alishinda kwa 2:13.848. Atlanta dhahabu ilikwenda kwa Rita Kőbán wa Hungary kwa 1:47.655. Hiyo ni tofauti ya sekunde 26. Maji ya Penrith, zilikofanyika mbio za Sydney, siku ile yalimchelewesha kila mtu.

Sababu ni upepo. Fainali za mita 500 zilikuwa tarehe 1 Oktoba 2000, na ratiba yake ilibidi isogezwe kwa sababu ya upepo mkali.

Hizi hapa fainali zake 6, uziweke mezani:

Barcelona 1992 (mfereji wa Castelldefels). Mita 1000: fedha, 3:37.50, nyuma ya Clint Robinson wa Australia 3:37.26. Mita 500: shaba, 1:40.71, mbele yake Mikko Kolehmainen wa Finland 1:40.34 na Zsolt Gyulay wa Hungary 1:40.64.

Atlanta 1996 (mbio zenyewe zilikuwa Ziwa Lanier). Mita 1000: dhahabu, 3:25.785, Beniamino Bonomi wa Italia 3:27.073, Robinson wa tatu 3:29.713. Mita 500: fedha, 1:38.339, nyuma ya Antonio Rossi wa Italia 1:37.423.

Sydney 2000 (Penrith). Mita 1000: dhahabu, 3:33.269, Merkov 3:34.649, Tim Brabants wa Uingereza 3:35.057. Mita 500: dhahabu, ile ya 1:57.847.

Msikilizaji wa redio hatashika sekunde, mpe mita. Chukua mwendo wa boti kwa sekunde, zidisha na tofauti ya muda. Barcelona, mita 1000, boti lilikwenda mita 4.6 kwa sekunde, na 0.24 ya sekunde ni kama mita 1.1. Kayaki yenyewe ina urefu wa mita 5.2, kwa hiyo dhahabu ilimponyoka kwa takribani moja ya tano ya boti baada ya kilomita nzima. Atlanta alimwacha Bonomi kwa zaidi ya mita 6, urefu wa boti zima na zaidi. Ukisema hivyo hewani, mtu anayaona maji.

---

Omo_na_Tezi:

Naongezea kwenye upepo, maana wengi husema "kulikuwa na upepo" wakaishia hapo, na msikilizaji anabaki haelewi sekunde 19 zimetoka wapi.

Chukua namba za Holmann mwenyewe. Jumamosi ya tarehe 30 Septemba, mita 1000 kwa 3:33.269, ni mita 4.69 kwa sekunde. Kesho yake, mita 500 kwa 1:57.847, ni mita 4.24 kwa sekunde. Yaani mbio fupi ilikwenda polepole kuliko ndefu ya jana yake, kwa mtu yuleyule na mahali palepale. Kwa kawaida iwe kinyume: Atlanta alikwenda mita 5.08 kwa sekunde kwenye 500 na 4.86 kwenye 1000.

Upepo wa mbisho, yaani unaokujia usoni, unaumiza kwa njia tatu.

Ya kwanza ni ukinzani wa hewa, ambao hukua kwa mraba wa kasi ya hewa inayokupiga. Hewa ikiwa imetulia na wewe unakwenda mita 4.5 kwa sekunde, hewa inakupiga kwa 4.5. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukikujia usoni, inakupiga kwa 9.5. Gawanya 9.5 kwa 4.5, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: ukinzani umepanda zaidi ya mara 4. Kwenye maji shwari hewa ni sehemu ndogo tu ya mzigo, maji ndiyo mengi. Mbisho ukija, sehemu ile ndogo inageuka mzigo wa kweli, na nguvu yote ya ziada inatoka kwenye mgongo na miguu ileile.

Ya pili ni mawimbi madogo. Omo, yaani ncha ya mbele ya boti, linapiga wimbi, linanyanyuka, linatua, na kila likitua boti linapoteza mwendo. Mpiga kafi naye anakosa maji: bapa, ile sehemu pana ya kafi, likiingia kwenye bonde la wimbi linashika nusu, kwenye kilele linazama mpaka mpini. Hapo ndipo wengi hupoteza mizani. Wanafungua magoti, wanakaza mabega, wanaanza kupiga juujuu.

Ya tatu ni kafi lenyewe. Bapa moja likiwa majini, lingine liko hewani linakwenda mbele, dhidi ya upepo. Ndiyo maana mabapa mawili hayalali sambamba, yamepishana kwa nyuzi 60 hadi 70 hivi, ili lile la juu likate upepo kwa ubavu wake mwembamba. Upepo wa ubavuni huo upishano unaweza kukugeukia: unalishika bapa la juu na kukusukuma upande.

Jambo hilohilo ndilo linalofanya shirikisho la kimataifa la mchezo huu liseme "muda bora" na lisitumie neno rekodi kama riadha. Usije ukaandika kwamba Holmann "aliporomoka kiwango" 2000. Mwaka ule ndiyo alikuwa juu kabisa.

---

DadaKafi:

Kaka Bandarini, umeuliza wasifu ujengwe juu ya medali ipi. Jibu ni zile mbili za Sydney, tena zikisomwa pamoja.

K-1 mita 500 ya wanaume ilikuwemo kwenye Olimpiki kuanzia 1976 hadi 2008, Michezo 9. Mita 1000 ilikuwemo miaka yote hiyo. Pitia washindi wawili wawili, 500 kwanza kisha 1000: 1976 Dîba na Helm, 1980 Parfenovich na Helm, 1984 Ferguson na Thompson, 1988 Gyulay na Barton, 1992 Kolehmainen na Robinson, 1996 Rossi na Holmann, 2004 van Koeverden na Larsen, 2008 Wallace na Brabants. Kila mara watu wawili tofauti. 2000 peke yake ndiyo jina moja: Holmann na Holmann.

Na hakuna atakayemfikia, kwa sababu London 2012 mita 500 ya K-1 wanaume iliondolewa ikawekwa mita 200. Hiyo 200 nayo iliondolewa baada ya Tokyo 2020, na kuunganisha 1000 na 200 ilikuwa kazi ya miili miwili tofauti.

Ugumu wa kuunganisha 500 na 1000 uueleze hivi. Mita 1000 ni dakika 3 na nusu hivi, na sehemu kubwa mno ya nguvu inatokana na oksijeni unayovuta wakati huohuo wa mbio. Mita 500 ni dakika 1 na sekunde 40, na hapo unachota sana kwenye akiba ya misuli, ile inayoacha mikono ikiungua. Ukijizoeza mno kwa 1000 unapoteza makali ya kuondoka, na ukijizoeza mno kwa 500 unakauka mita 700. Kuna michujo na nusu fainali za umbali wote mawili ndani ya wiki moja, na fainali zikafuatana: 1000 Jumamosi, 500 Jumapili. Wenzake waliokuja kwa 500 tu waliingia maji na miili iliyopumzika.

Pia uione mfululizo wake: 1992 fedha na shaba, 1996 dhahabu na fedha, 2000 dhahabu na dhahabu. Kila Michezo alipanda ngazi moja kwenye umbali mmoja au yote mawili. Hilo ni nadra, na mimi ningeanzia wasifu hapo.

---

Bandarini:

Nashukuruni sana, sikujua kabisa hilo la kuwa wa pekee. Sasa mnisaidie jambo la ndani zaidi. Nataka dakika moja ya kueleza mtu anafanya nini hasa kwenye mita 1000. Wasikilizaji wangu wanajua kafi la bapa moja la mtumbwi. Nisiseme "anapiga kafi kwa nguvu" nikaishia hapo.

---

Kiwiko:

Mkuu, kwanza weka daraja sawa: huyu ni mtu wa kayaki. Anakaa, miguu mbele, kafi lina bapa kila ncha. Kwenye kanu, yaani C-1, mtu anapiga goti moja na kafi lina bapa moja. Matokeo yake yameandikwa K, ukimpeleka kwenye C umekosea mchezo.

Kafi la mwanaume wa K-1 lina urefu wa sentimita 215 hadi 222 hivi. Tangu katikati ya miaka ya 1980 bapa lake si bamba la kawaida, lina umbo la bawa, limejipinda upande mmoja. Wazo lilitoka Sweden. Mnorwe Einar Rasmussen, mpiga kafi wa zamani, naye akatengeneza bapa lililosokotwa kama pangaboi, na mtindo huo ukaenea sana. Bawa linataka njia yake majini. Ukilivuta moja kwa moja kuelekea nyuma kama kafi la mtumbwi, linatikisika na kupiga mbizi chini ya boti. Liache liende nje kidogo, mbali na ubavu wa boti, ndipo linashika maji yasiyosumbuliwa.

Pigo moja lina mpangilio huu. Bapa linaingia mbele karibu na usawa wa vidole vya mguu, jirani kabisa na boti, na linazama lote kabla mvuto haujaanza. Kosa la kwanza la wanaojifunza liko hapo: wanaanza kuvuta bapa likiwa nusu nje, wanarusha maji nyuma na boti halisogei. Bapa likishashika, mguu wa upande huohuo unasukuma ubao wa miguu, nyonga inarudi nyuma, kiwiliwili kinazunguka. Mkono unabaki umenyooka kiasi, kazi yake ni kuunganisha mgongo na kafi. Anayekunja kiwiko mapema anavuta kwa misuli midogo ya mkono, na hiyo haifiki mita 600. Bapa linatoka likifika nyongani. Ukichelewa hapo unanyanyua maji, na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, linazama.

Miguu ndiyo inayosahaulika na watu wengi. Kuna mkanda juu ya nyayo: mguu mmoja unasukuma ubao, mwingine unavuta mkanda. Mkanda ukilegea au ukikatika, nusu ya mzunguko wa kiwiliwili imekwenda. Usukani nao unaendeshwa kwa mguu, kwa kijiti kilicho katikati ya nyayo, na waya zinakwenda mpaka tezini. Jani la majini likinasa kwenye usukani, unahisi boti zito lakini huoni kitu.

Mwendo wa mbio ukoje? Mita 50 za kwanza ni mapigo zaidi ya 130 kwa dakika, ukihesabu kulia na kushoto. Kati ya mita 150 na 200 mtu anatulia, takribani 105 hadi 115, na urefu wa pigo unarudi. Kuanzia 500 hadi 750 ndiko mbio zinakopotea kimyakimya. Mapigo yanabaki yaleyale lakini kila pigo limepungua sentimita chache, na boti linapoteza mwendo bila mwenyewe kujua. Kisha anapandisha mapigo tena mpaka mwisho.

Mbisho ukivuma, mzoefu hafupishi pigo. Anashusha mkono wa juu ili bapa lisikae hewani muda mrefu, anakubali mapigo machache kwa dakika, na anahakikisha boti haliachwi lisimame kati ya pigo na pigo. Anayekimbilia kuongeza mapigo kwenye mbisho anachoka mapema.

---

Omo_na_Tezi:

Kiwiko kamaliza. Niongeze sheria moja ambayo itakufaa redioni: mpaka mita 1000 kila mtu ana njia yake ya upana wa mita 9, na haruhusiwi kujibanza kwenye wimbi la mwenzake. Kwenye mbio ndefu inaruhusiwa kupanda wimbi la aliye mbele na kuokoa nguvu nyingi. Kwa hiyo hata siku ya mbisho kama ile ya Sydney hakuna wa kujificha nyuma yake.

---

Seremala_wa_Maji:

Kuhusu picha mbili. Yenye mabega mapana nyuma ya kiti ndiyo ya enzi za Holmann, ile nyembamba ni ya baada yake.

Hadi Olimpiki ya Sydney, kanuni ilitaka K-1 iwe na upana usiopungua sentimita 51. Maji hayapendi boti pana, kwa hiyo mafundi walitafuta njia. Sehemu inayogusa maji waliifanya nyembamba, kisha upana ule wa lazima wakauweka juu ya maji, nyuma ya mpiga kafi, pahali ambapo kafi halipiti. Ndiyo mabega unayoyaona. Ukilitazama boti kutoka juu utaona kama almasi iliyovutwa: omo jembamba, linapanuka taratibu, ncha ya upana iko nyuma ya kiti, kisha linaisha tezini.

Baada ya Sydney kanuni ya upana ikaondolewa. Urefu wa juu ulibaki mita 5.20 na uzito wa chini kilo 12. Mabega yakatoweka, kwa sababu yalikuwa yanakusanya upepo bure. Picha ya boti lisilo na mabega kabisa usiiweke chini ya maneno "Holmann, Atlanta".

Uzito nao una hila zake. Boti linapimwa baada ya mbio, maji yakiwa yamemwagwa, na likipungua kilo 12 mtu anaondolewa. Kwa hiyo mafundi hulijenga jepesi kidogo kisha wanafunga uzito wa kudumu ndani mpaka litimie.

---

Saa_Mkononi:

Usimwache Holmann aelee peke yake kwenye wasifu. Norway ilikuwa na historia. Mexico City 1968, kayaki ya watu 4 mita 1000 ilichukua dhahabu: Steinar Amundsen, Egil Søby, Tore Berger na Jan Johansen. Wanne haohao wakapata shaba Munich 1972. Holmann alizaliwa mwaka uleule wa dhahabu yao.

Aliyemfuata ni Eirik Verås Larsen, mtu wa Flekkefjord, kusini mwa nchi. Athens 2004 alishinda mita 1000 kwa 3:25.897, na Michezo hiyohiyo akapata shaba ya K-2 mita 1000 na Nils Olav Fjeldheim. Beijing 2008 fedha, nyuma ya Brabants, yule aliyekuwa wa tatu nyuma ya Holmann kule Sydney. London 2012 dhahabu tena, 3:26.462, akiwa na miaka 36. Kwa hiyo kati ya 1996 na 2012, dhahabu 4 kati ya 5 za K-1 mita 1000 zilikwenda Norway, kwa watu wawili.

Hapo kuna mtego. Holmann Atlanta 3:25.785, Larsen Athens 3:25.897, tofauti 0.112. Utashawishika kusema Holmann alikuwa mwepesi zaidi hata kwa boti la kanuni ya zamani. Usiseme. Maji mawili, pepo mbili, boti za aina mbili.

---

Bandarini:

Nimeelewa. Swali la mwisho: nikitaja 1:57.847 hewani, je, nieleze upepo kabla au baada ya muda?

---

DadaKafi:

Kabla, kaka. Sema kwanza fainali zilisogezwa kwa upepo, kisha mtaje Merkov, kisha pengo: 0.546 ya sekunde, ambalo kwa mwendo wa siku ile ni mita 2.3 hivi, chini ya nusu ya boti. Muda wenyewe utaje mwishoni, na mara moja tu. Na jina ni Holmann, n mbili mwishoni. Usiliandike kwa n moja.